Kichwa Kilichogundishwa

Nilidhani kwanza ni vumbi. Nikasogeza uso hadi pua ikagusa kioo, nikaona kwamba kila gurudumu la kile kichwa kidogo cha treni lilikuwa limezungukwa na utando mweupe uliokauka. Gundi. Walikuwa wamekigundisha kwenye reli zake, magurudumu yote manane, kisha wakakifungia ndani ya sanduku la kioo katika ukumbi wa chuo cha ufundi. Kando yangu shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa bado anatafuta miwani mfukoni. Nilitamani asiipate.

Shemeji alikuwa fundi wa injini za dizeli katika karakana ya reli hadi alipostaafu. Wenzake walimwita Polepole, kwa sababu hakuiamini injini yoyote mpaka aione ikitembea taratibu. Kukimbia, alisema, hata kopo tupu likisukumwa mteremkoni linakimbia. Alipostaafu alinunua kichwa cha dizeli cha kuchezea, urefu wa kiganja na nusu, kilichoruka kama panzi na kuzimika kila kilipokanyaga reli chafu. Alikihangaikia miaka sita kwenye meza ya kulia chakula. Alipachika vipande vizito vya madini ya risasi ndani ya bodi ili magurudumu yashike reli. Aliunganisha nyaya ili magurudumu yote manane yachukue umeme kutoka kwenye reli, badala ya manne, na kila Jumamosi aliyafuta kwa kitambaa chenye spiriti. Kipimo chake kilikuwa birika: dada akilibandika jikoni, kichwa kiondoke upande mmoja wa meza, maji yakichemka, kiwe kinafika upande wa pili, bila kusimama hata mara moja.

“Mume wangu ana vichwa viwili,” dada alizoea kuwaambia wageni, “na kinachofanya kazi ni hicho cha mezani.”

Ni mimi niliyemshawishi akiazimishe chuo. Kwa miaka mingi, katika kila mkutano wa wazazi, nimepiga kelele kwamba mtu hafundishwi umeme kwa michoro ya ubaoni peke yake. Shemeji alikubali kwa sharti moja, aliloliandika kwa mkono wake na mkuu wa chuo akalitia sahihi: kitembezwe kila siku, na wanafunzi wenyewe. Muhula ulipokaribia kwisha tukaenda kuona kinavyofundisha.

“Mnaona tulivyokitunza?” mkuu wa chuo alisema, ametabasamu hadi magego. “Sasa hata mtu akiipiga meza teke, hakianguki.”

“Mmetia gundi,” nilisema.

“Ile kali kabisa, ndugu yangu. Kitu kama hiki si cha kushikwashikwa.”

Nilimuuliza kama na vitabu vya maktaba wamevishona kurasa ili visichakae. Nilimuuliza kama aliisoma ile karatasi au alipenda kalamu tu. Kidhibiti cha umeme, kile chenye kitufe cha kuongezea mwendo, kilikuwa kabatini ndani ya boksi lake, bado kimefungwa kwa uzi alioufunga Shemeji mwenyewe.

Shemeji alikuwa ameshavaa miwani. Aliweka kidole juu ya kioo, mkabala na gurudumu la mbele, akakiacha pale kama anayempima mgonjwa homa.

“Shemeji, punguza moto,” aliniambia hatimaye. Kisha akageuka. “Nani hapa anapaka kucha rangi?”

Katibu muhtasi wa mkuu, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, alitoa kwenye mkoba kichupa cha dawa ya kuondolea rangi. “Mzee wangu, usiimalize tu, kesho nina shughuli.”

Hatari ilikuwa moja, na Shemeji alitueleza: dawa ile huyeyusha gundi, lakini huyeyusha na plastiki. Tone moja likikosea njia, bodi itanyauka na miaka sita itakwenda na maji. Kioo kilipoondolewa, alichukua kijiti cha meno, akakiviringisha pamba, akainama. Gurudumu la kwanza lilikula robo saa. Wanafunzi wakaanza kujaa ukumbini. Alipomaliza la nane, shati lilikuwa limemganda mgongoni. Akafuta reli, akaunganisha kidhibiti, akazungusha kitufe kidogo sana.

Kimya.

Akazungusha tena. Kichwa kikatetemeka, kikasogea upana wa ukucha, kikasimama. Kisha kikaondoka, taratibu.

“Kumbe kinatembea!” alisema binti mmoja wa mwaka wa pili. Muhula mzima alikuwa amepita mbele yake kila asubuhi, akidhani ni sanamu.

Hilo lilinishtua kuliko gundi.

Nilitarajia Shemeji akibebe turudi nyumbani. Haki hiyo alikuwa nayo kwa maandishi. Badala yake alimkabidhi yule binti kidhibiti. “Shika wewe. Ukiona kinakimbia, ujue umekosea.” Halafu akamwambia mkuu wa chuo, kwa upole ulionitisha, “Kichwa kitabaki. Kioo naondoka nacho.”

Mkuu mwenyewe akatushikia mlango.

Dada alitupokea mlangoni, akamtazama mumewe aliyekumbatia sanduku tupu.

“Makubwa! Umefuata kichwa, bwana, ukarudi na fuvu?”