Utepe wa Friji

Jovitha wa Bukoba hakumwamini mtu mkimya. Kwao, alisema, asiye na siri hupiga kelele. Sasa Jovitha huyo akapata chumba Sanyuanli, mtaa wa Guangzhou huko China, nyumbani kwa Menashe na mkewe Zehava, Wayahudi waliofanya biashara Nairobi mpaka Kiswahili kikawakaa mdomoni. Yeye alikuwa anasoma chuo. Wao walimpa chumba bure, naye akawasafishia nyumba. Chumba cha bure Guangzhou si mchezo. Akikikosa, masomo yamekwisha.

Ila Ijumaa zao zilimtia mashaka. Jua likikaribia kuzama, simu zinaingia kabatini. Karatasi za chooni zinachanwa mapema, vipande vipande. Taa ya sebuleni ikiwaka, imewaka. Hakuna wa kuizima mpaka Jumamosi jioni. Zehava alimweleza kwamba hiyo ni Sabato, siku ya kutowasha wala kuzima kitu. Jovitha aliitikia ndiyo, moyoni akakataa. Mtu mzima aogope swichi?

Shoga yake Marie-Louise, Mkongo wa Lubumbashi anayenunua nguo za jumla mtaa wa Guangyuan Xilu, akazidi kumchochea.

"Ma sœur, bale bantu banaficha kintu. Toka mbele baseme weye mwizi."

Yaani ahame kabla hawajamsingizia wizi. Kikulacho ki nguoni mwako, Jovitha akawaza, na tangu hapo akalala amefunga mlango kwa ufunguo.

Ijumaa moja, akisafisha friji, alikuta kipande cha utepe kimebandikwa juu ya kitufe cha taa ya ndani. Akaona uchafu. Akakibandua, akatupa.

Jumamosi mchana mezani palikuwa na mkate mtupu. Watoto wa Zehava walitafuna huku wakiitazama friji, na hakuna aliyeigusa. Samaki na saladi zilikuwa mle ndani, na aliyezipanga ni Jovitha mwenyewe. Akawaza: Kumbe watu hawa wanadhani nimewatilia sumu.

Menashe akauambia ukuta, "Samaki wa watoto yumo kwenye friji."

Zehava akamgeukia Jovitha. "Mdogo wangu, wewe huna njaa? Ungejipakulia."

Sasa mambo yalikuwa wazi, kwa akili ya Jovitha: wanataka yeye aonje kwanza. Aliuvuta mlango kwa hasira, taa ikawaka, akatoa bakuli la samaki na kula kipande kikubwa amesimama.

"Haya, nimekula. Nikifa mtanizika. Nisipokufa, semeni leo leo kama mnanifukuza."

Watoto walikwisha kunyoosha sahani zao.

"Nani akufukuze?" Zehava akauliza. "Ule utepe hukibana kitufe, taa isiwake tukifungua. Bila utepe hatufungui. Na kukuagiza wewe utufungulie, hilo nalo tumekatazwa. Ila ukijifungulia kwa njaa yako, na sisi tunakula."

"Mbona hukuniuliza jana?"

"Niliuona kwenye ndoo ya taka, mishumaa ya Sabato imeshawaka, na kuubandika tena hairuhusiwi. Nikajua ni wewe. Nikawakataza watoto wasikutaje, maana ungejua umetukosesha chakula, ungeona haya kukaa na sisi mezani."

Jovitha akamtazama Zehava, akamtazama Menashe, akitafuta uongo kwenye nyuso zao. Hakuupata. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akavuta kiti, akaketi kati ya watoto, akaanza kuwapakulia samaki.