Boti Juu ya Majivu

Mimi ni muuza mitumba, na muuza mitumba haamini kitu kinachong'aa. Shati likiletwa mbele yangu naanzia kwapani. Suruali naanzia kwenye zipu, kisha magotini. Kwa hiyo asubuhi ile mume wangu aliponiambia, huku akijifanya anapuliza chai, kwamba Bombambili, hapahapa Songea, kuna boti ya mtumba inauzwa na angependa twende wote tukaiangalie, nilijua mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, ameshaiona na ameshaipenda. La pili, ananikumbusha ahadi yangu bila kuitaja.

Ahadi yenyewe ni hii. Mume wangu ni Mnyasa, kazaliwa kando ya Ziwa Nyasa. Mimi ni Mngoni wa Mpitimbi, na maji makubwa niliyoyajua nikikua ni ya mto unaovukwa kwa kupandisha kanga magotini. Nilipopelekwa ukweni mara ya kwanza, kutoka Mbamba Bay kwenda kijijini kwao, tulipanda mtumbwi unaovuja. Shemeji zangu walipiga kasia na kuimba. Mimi, bibi harusi, nilipewa bakuli nichote maji yanayoingia niyamwage nje. Nilichota njia nzima, vitenge vipya vikalowa mpaka kiunoni. Tuliposhuka, mama mkwe akaniuliza mbele ya watu ni lini nitahamia kwao. Nilikuwa nimekabwa na hasira. Nikamjibu, "Siku mwanao atakaponunua chombo kisichoingiza hata tone la maji, mama, siku hiyo nahama."

Walicheka, lakini hawakusahau. Kila shemeji aliyekuja Songea na mfuko wa usipa, dagaa wa kwao ziwani, alisalimia, akaketi, kisha akauliza, "Shemeji, chombo bado?" Nami nilijibu, "Bado kinavuja." Miaka ikaenda hivyo, tukalea watoto, wakaolewa na kuoa, na utani ukabaki utani.

Mpaka mume wangu alipostaafu udereva wa malori. Akaanza kuketi mlangoni jioni, uso kaugeuzia upande wa milima ya Umatengo, kwa sababu nyuma ya milima hiyo ndiko kwao. Hakuniomba tuhame. Angeniomba ningekataa, tungegombana, tungepatana, yangekwisha. Alinyamaza tu, na kaka yake akaja kuninong'oneza kwamba mzee amesema bila mimi haendi popote, atazeekea hapahapa. Nilimpenda kwa hilo, na liliniudhi pia, maana mzigo wote alinitwika mimi.

Basi tukaenda. Nilivaa kanga ya kazi na nilikuwa na nia mbaya kabisa. Nilikuwa naenda kutafuta tundu.

Muuzaji alikuwa mzee wa Tunduru, mfanyabiashara wa korosho, kanzu safi na kofia ya kushonwa kwa mkono. Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu mwenye mali anayotaka kuiondoa uani. Boti aliachiwa na mzungu mmoja aliyemaliza kazi akarudi kwao. Ilikuwa nyuma ya nyumba juu ya tela lake, kati ya magunia matupu na mti wa mpapai. Nyeupe, yenye mstari mwekundu ubavuni, na katikati yake limesimama bomba kubwa lililopinda juu kama mlango usio na nyumba. Kwenye kiti cha dereva alikuwa amelala kuku, anaatamia.

"Hili bomba la nini?" niliuliza.

"La kufungia kamba, mama," alisema mzee. "Mtu anasimama juu ya ubao huko nyuma, boti inamkokota. Wallahi nimemwona kwa macho yangu. Anakokotwa, anaanguka, anakunywa maji, anapanda tena. Na anacheka!"

Mume wangu alikuwa ameshainama kwenye injini. Hapo sikumwingilia, injini ni mambo yake. Alichomoa kijiti cha oili, akakinusa, akakitazama juani. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, alinieleza, ujue maji yameingia. Ilikuwa nyeusi. Akazungusha pangaboi kwa mkono, akapapasa kila ubapa wake kama umepinda. Akaunga mpira kutoka bomba la maji la pale uani ili injini isiungue, akawasha. Ilikohoa, ikatoa moshi, kisha ikatulia ikinguruma vizuri, na mume wangu akatabasamu kama kijana aliyejibiwa barua. Majirani walianza kujaa uani.

Ikawa zamu yangu. Niligonga ubavu mzima kwa kidole nikisikiliza palipokufa sauti. Nilipanda nikakanyaga sakafu kwa kisigino, kona kwa kona, kutafuta ubao uliooza. Nilifunua viti. Chini ya viti nikakuta mifuko mikubwa ya mpira, imekunjwa.

"Na hii?"

Mzee wa korosho akajikuna kidevu. "Hiyo inajazwa maji ya ziwa. Boti inakuwa nzito, inatoa wimbi kubwa, yule wa kwenye ubao analirukia."

Nilipiga kigelegele. Nikawageukia majirani wote. "Mmesikia? Boti hii inaingiza maji yenyewe, tena imeshonewa mifuko!" Niliwasimulia ahadi yangu tangu mwanzo hadi mwisho. Ukazuka ubishi mkubwa, wanawake upande wangu, wanaume upande wa mume wangu, mpaka mama mmoja muuza maandazi akakata shauri kwamba maji ya mfukoni hayahesabiwi, kwa sababu hayo yamekaribishwa.

"Sawa," nikasema. "Basi leteni majivu."

Marehemu mama yangu hakununua chungu mpaka akijaze maji na kukiweka juu ya majivu makavu. Kisha aliketi. Hata chungu kikitoa jasho kidogo tu, majivu yanabadilika rangi. Nikaagiza majivu yamwagwe chini ya boti yote, na maji yamiminwe ndani.

Mume wangu alishika kichwa. "Mama, boti unaiweka kwenye maji. Huweki maji kwenye boti."

"Ziwa liko wapi hapa Bombambili?"

Mzee wa korosho alicheka hadi kofia ikasogea. "Maisha yangu yote sijaona. Haya, bismillahi, jazeni!" Kuku akahamishwa na mayai yake, akilalamika. Ndoo zikaanza kupita mkono kwa mkono kutoka bombani, watu wakiimba wimbo wa kulimia, na mume wangu yuko juu akipokea na kumimina, suruali imelowa, anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu astaafu.

Mimi nilichuchumaa chini peke yangu nikitazama majivu.

Yalikaa meupe. Kisha, nyuma kabisa, chini ya pangaboi, likatokea doa dogo jeusi. Likawa kubwa kama sarafu. Likatua tone jingine.

Nilichokuwa nakitafuta nimekipata, na moyo wangu ulishuka. Ilinishangaza. Juu walikuwa bado wanaimba. Ningepiga kelele mara moja tu, na watu wote wale wangekuwa mashahidi wangu.

Nilisogea nikapapasa. Palikuwa na kizibo cha chuma, cha kutolea maji boti ikiwa nchi kavu. Kilikuwa kinacheza. Tundu halikuwa tundu. Kizibo kilikuwa hakijakazwa, basi.

Nilipoinua macho, mume wangu alikuwa ameinama juu ya ukingo wa boti, ndoo mkononi. Ameliona doa. Kutoka pale alipokuwa asingeweza kukiona kizibo. Alinitazama, akatazama majivu, akaiweka ndoo chini taratibu sana ili wasiotazama wasijue. Akasema kwa sauti ya chini, "Basi, mama. Nishuke twende nyumbani."

Hakuwa na kinyongo hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. Mtu huyu alinitazama nikichota maji kwenye mtumbwi wao nikiwa bibi harusi, na tangu siku ile alikuwa akinidai jambo moja tu, naye alikuwa tayari kuliacha hapo, juu ya kiganja cha majivu, arudi kuketi mlangoni.

"Nyumbani wapi?" nikamwambia. "Nipe spana."

"Ya nini?"

"Nipe spana, baba. Maswali baadaye."

Nilikikaza mwenyewe, kwa mikono yote miwili, mpaka kikagoma kusogea. Nikaomba majivu mapya, nikayamwaga palepale juu ya doa, nikaketi chini na miguu yangu nimeinyoosha kama mama yangu. Sasa watu wote waliinama wakatazama. Tulitazama mpaka shingo zikauma. Majivu yalibaki meupe kama unga. Mume wangu aliruka chini akanikumbatia mbele ya watu, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akanilowesha mpaka kifuani. Wanawake wakapiga vigelegele, hata wale wa upande wangu.

Tuliilipia boti, nami nikamwachia mdogo wangu meza yangu ya mitumba. Boti ilivutwa na lori la rafiki wa mume wangu, kona za Umatengo zote, mimi macho nimefumba. Pale Mbamba Bay ikashushwa ziwani, tukapakia magodoro na sufuria, nikapanda. Niliketi katikati, bakuli mapajani, nimelishika kwa mikono miwili. Mume wangu aliliona, akauma midomo asicheke, akawasha injini.

Mama mkwe alikuwa ufukweni. Amezeeka sasa, macho yake si mazuri. Nilishuka, nikampigia magoti, nikampa shikamoo. Akanyoosha mkono akachukua lile bakuli, akatia vidole ndani, akapapasa chini na pembeni.

"Kavu," alisema.

"Kavu, mama."

"Karibu nyumbani," akasema, na akaondoka na bakuli kwenda kunipakulia usipa.