Mifereji ya Mzee Feruzi

Mwanangu, juzi ulipokuja na ile karatasi yako ukaitandaza hapa barazani, nilikusikiliza mpaka mwisho, ingawa nusu ya maneno yalinipita. Nilichoshika ni hiki: katika mashine zenu za umeme kuna chuma kinachozunguka na chuma kinachokaa kimya, na hicho kinachokaa kimya kina mifereji ndani yake ya kulazia nyaya za shaba. Wewe umechora mifereji iliyolala kiupande, na unataka kuipeleka kwa wakaguzi wa serikali waipekue, waseme kwamba haijapata kubuniwa na mtu mwingine, kisha waiandike kwa jina lako. Ulikuwa na furaha kubwa. Mimi nikanyamaza, ukadhani uzee umenizidi. Nilinyamaza kwa sababu siku moja ya ujana wangu ilinirudia, na nikaona aibu kama vile ilikuwa jana.

Ilikuwa kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao hapa Bagamoyo. Mji ulinuka nazi kavu za mbata na mafuta ya ufuta, na mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, fundi wa vinu, mwenye maneno mengi kuliko kazi. Wewe hujaviona vinu vile. Lilikuwa gogo la mkwaju, nene, limechimbwa katikati, na nusu yake imefukiwa ardhini lisitikisike. Ndani yake ulisimama mchi mrefu uliofungwa kwenye boriti, na boriti ilivutwa na ngamia aliyefunikwa macho, akizunguka tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mchi unazunguka, kinu kinakaa kimya. Unaona mwenyewe, si mbali na mashine yako.

Kasoro ya vinu vile ilikuwa moja. Ukuta wa ndani ulikuwa laini, na mbata zikishalowa mafuta huteleza, zikazunguka pamoja na mchi badala ya kusagwa. Ngamia anachoka bure, na mafuta mengi yanabaki ndani ya mashudu. Kila fundi alijua hivyo, na kila fundi alikuwa na dawa yake ambayo haikufaa.

Nasi mafundi tulikuwa na ada yetu. Mtu akisema amebuni jambo jipya, hakuaminiwa kwa mdomo wake. Wazee wa kazi walitandika jamvi kando ya kinu chenyewe, wakapewa kahawa na halua, kisha mkubwa wao akauliza maswali matatu mbele ya watu. Kazi hii ni yako? Kuna aliyekutangulia? Inafaa? Aliyevuka yote matatu alichongewa alama yake kwenye mdomo wa kinu, na tangu hapo hakuna fundi, kutoka hapa hadi Saadani, aliyethubutu kuiga bila kuja kumwomba ruhusa. Mwenye alama aliketi jamvini na wazee. Asiye na alama alishika tezo ya watu maisha yake yote, na marehemu baba yangu alikuwa mmoja wao. Mama alitaka kuniona mimi pale jamvini kuliko kitu chochote duniani. Alikuwa ameshanishonea kofia ya kuvaa siku hiyo, ya vito, kazi ya miezi minne.

Basi mwaka ule nilitumwa Saadani kutafuta magogo ya mkwaju. Nilipokewa na mzee mmoja anaitwa Feruzi, aliyekuwa mtumwa wa tajiri mwenye vinu kule, na bwana wake alipofariki akaachwa huru. Alinipa wali na kamba wa kuchoma, akanitandikia mkeka wake mzuri, yeye akalalia jamvi bovu. Asubuhi nilipokwenda kunawa uso, nikaona uani kinu cha zamani kilichopasuka, kimelazwa ubavu, bata wanakunywa maji ndani yake. Nikapitisha mkono ukutani mwake. Kulikuwa na mifereji, myembamba, imelala kiupande toka mdomoni hadi chini, kila mmoja umechongwa kwa subira. Papo hapo nikajua inafanya nini. Inazishika mbata zisiteleze, na kuzisukuma chini kwenye mchi.

Sikumwuliza mzee neno. Nilihesabu mifereji, nikapima kwa shibiri, nikamshukuru kwa chakula, nikaondoka. Njia nzima nilijiambia kwamba kitu kilichopasuka hakina mwenyewe, na kwamba bata hawatanidai. Unacheka? Mimi nami nilicheka.

Niliporudi nikachonga mifereji ileile ndani ya kinu kipya cha tajiri mmoja wa Kihindi, kisha nikatangaza kwamba nina jambo. Siku ya ukaguzi walikuja watu kama wanakwenda arusini. Mkubwa wa wazee alikuwa Fundi Kibwana, mtu mfupi, mpole, mwenye vidole viwili vilivyokatwa na tezo, na ndiye aliyenifundisha kazi tangu baba alipokufa. Akaniuliza la kwanza, kazi hii ni yako? Nikasema ni yangu. Akaniuliza kama kuna aliyenitangulia. Nikasema simjui. Yakatoka mepesi, mwanangu. Hilo ndilo linalonisikitisha mpaka leo.

Likabaki la tatu. Ngamia akafungwa, mbata zikamwagwa, mchi ukaanza kuzunguka. Nilisimama nimevaa kofia ya mama, nimeweka mikono nyuma kama kadhi. Mizunguko mitatu, minne, kisha mbata zikaanza kupanda. Zilipanda ukutani badala ya kushuka, zikafika mdomoni, zikamwagika nje miguuni kwa wazee, na mafuta hayakutoka hata ya kupaka nywele. Watu wakaguna. Mimi nikamlaumu ngamia.

Fundi Kibwana akaamuru ngamia asimamishwe. Akainama, akaingiza mkono wake wenye vidole vitatu ndani ya kinu, akapapasa mifereji mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayepapasa uso wa mtoto mgonjwa. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kwa nini umeilaza upande huu?"

Sikuwa na sababu. Ilikuwa imelala hivyo kwa sababu niliikuta imelala hivyo.

Kisha akawageukia watu akasema ukaguzi haujakwisha, jamvi likunjwe, wataitwa tena. Angeweza kunimaliza siku ile mbele ya mji mzima, na asingekuwa amekosea. Watu walipotawanyika akanivuta kando ya banda la ngamia.

"Ngamia wetu wote hapa wanazunguka kwa kulia," akasema. "Aliyebuni mifereji hii alikuwa na ngamia anayezunguka kwa kushoto. Huyo si wewe. Kesho utanipeleka kwake."

Nililia, mwanangu, mtu mzima na ndevu zangu. Hakunikaripia. Aliniambia tu nivue kofia nikaiweke pazuri, mama asije akaiona imelowa.

Tulitoka alfajiri, tukavuka mto Kingani kwa mtumbwi, siku ya pili tukavuka Wami. Mguu wake ulikuwa unamsumbua, lakini alikataa punda. Njia nzima alinisimulia habari za baba yangu, jinsi alivyokuwa akiimba akichonga, jinsi alivyopenda ndizi mbivu. Habari ya kinu hakuigusa kabisa. Ningependa angenitukana, safari ingekuwa fupi.

Hapa kuna jambo lazima nikueleze, maana nyinyi mnaamkia kila mkubwa bila kufikiri. Zama zile shikamoo haikuwa ya kila mwenye mvi. Mtumwa alimpa bwana wake, mdogo wa cheo akampa mkubwa wa cheo. Mwungwana hakumpa shikamoo mtu aliyepata kuwa mtumwa, hata awe na umri wa babu yake. Safari yangu ya kwanza nilimwambia Mzee Feruzi "hujambo" kavu, kama ninavyomwambia mtoto, nikala wali wake.

Tulimkuta uani anawamwagia bata maji. Fundi Kibwana akamsalimu kwa heshima, akaomba kukiona kile kinu. Akapapasa mifereji yake kama alivyopapasa yangu, kisha akaketi chini mchangani, palepale, akaniambia nami niketi. Hakukuwa na jamvi wala kahawa. Akamwuliza mzee yale maswali matatu, kwa utaratibu uleule wa mjini, hakupunguza hata neno.

Feruzi mwanzoni hakuelewa kwamba anaulizwa yeye. Alidhani anatakiwa kumtaja bwana wake. Alipoelewa, akasema kazi ni yake, na kwamba hakumwona mtu kabla yake. Fundi Kibwana akamwuliza kwa nini ameilaza kwa kushoto.

"Ngamia wetu alikuwa na mguu mbovu, wa kulia," akasema. "Akizunguka kwa kulia anaumia, unamsikia anavyolia. Nikamgeuza. Nilipomgeuza yeye ikabidi na mifereji niilaze kwa kushoto."

Hivyo tu. Sababu niliyoikosa mimi mbele ya watu ilikuwa huruma yake kwa mnyama. Likabaki la tatu, kama kilifaa. Akasema kilifaa misimu sita, mpaka kilipopasuka, na mafuta yake yalisifiwa hadi Unguja. Alama iliyokuwa mdomoni ilikuwa ya bwana wake, aliyejichongea bila kuita wazee, maana mtumwa hachongewi alama.

Fundi Kibwana akanipa patasi. Akasema, "Mwulize fundi alama yake, umchongee."

Sikujua nianzeje. Nilipiga magoti mbele ya yule mzee, na kabla sijaomba lolote nikaona lazima nianze pale nilipokosea kwanza. Nikamwambia, "Shikamoo, fundi."

Alinitazama, akamtazama Fundi Kibwana kama anayeuliza iwapo ni mzaha, akaona si mzaha. Nadhani alikuwa akilitafuta neno ambalo maisha yake yote amelisikia likitoka kwa wengine.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza yote, tangu kuhesabu mifereji yake mpaka mbata zilivyotumwagikia miguuni. Hapo kwenye mbata alicheka mpaka akajifuta machozi, bata wakakimbia. Kisha akachora kwa kidole cha mguu mchangani alama aliyokuwa ameiweka moyoni siku zote hizo. Ilikuwa unyayo wa ngamia, vidole viwili. Nikaichonga kwenye mdomo wa kinu kilichopasuka, juu ya ile ya bwana wake, na sijapata kuchonga kitu kwa uangalifu kama ule.

Tuliporudi niliitandikia jamvi mwenyewe ile kesi, nikasema mbele ya watu kazi ni ya nani. Wapo walioguna kwamba nimeuaibisha ufundi kwa kumpa alama mtu wa namna ile. Fundi Kibwana akanywa kahawa yake. Kwa ruhusa ya Feruzi nikachonga mifereji upya, imelala kwa kulia, mbata zikashuka, mafuta yakatoka kama maji, na unyayo wa ngamia ukakaa mdomoni. Vinu vingi ulivyowahi kusikia habari zake hapa mjini vilikuwa na unyayo ule, na kila fundi alikwenda Saadani kwa miguu yake kuomba ruhusa. Mama hakuniuliza kitu. Aliikunja kofia akaitia kasha. Nilikuja kuivaa baada ya miaka saba, kwa kazi yangu ndogo ya kufunga boriti, na ilikuwa inanibana.

Sasa nirudi kwenye karatasi yako. Juzi ulimtaja mara moja tu yule mwenzio wa karakana, uliyekuwa ukilala naye chumba kimoja, aliyekuwa akichora ukutani kwa mkaa kabla hajaugua akarudishwa kwao Vigwaza. Ukalipita jina lake haraka. Mimi naijua ile haraka, mwanangu. Sikutuhumu, na huenda mifereji ni yako kweli. Lakini ofisi ile itapekua makaratasi yake, na kinu cha kunyweshea bata hakimo kwenye makaratasi. Wanaweza kukupitisha, ukaandikwa, na bado ukawa umelishwa wali ukahesabu mifereji.

Kwa hiyo kabla hujaipeleka, jiulize alichoniuliza Fundi Kibwana. Kwa nini imelala upande huu? Ukiwa na jibu lako mwenyewe, nenda kifua mbele, nami nitakuombea. Ukilikosa, usiogope. Panda gari uende Vigwaza, ukaketi chini karibu na kitanda cha mwenzio, umwulize yeye. Anza na salamu. Akisema ni yake, andikeni majina mawili, au lake peke yake, na nafasi yako itakuja tu. Yangu ilikuja, ingawa kofia ilinibana.

Mungu akupe mkono mwepesi na macho ya kuona kazi ya mwingine. Akufikishe uzeeni ukiwa hakuna mlango unaoogopa kuubisha. Na siku kijana atakapokupigia magoti kwa ajili ya kazi uliyoifanya kweli, Mungu akupe pumzi ya kumjibu marahaba.

Nauli hii hapa, chini ya kikombe. Gari la Vigwaza huondoka asubuhi.