Duara Moja kwa Epifania

Saa mbili asubuhi. Baridi ya Sumbawanga inapenya mpaka kwenye mifupa, lakini Tusekile, mtaalamu wa maabara ya hospitali, anatoka jasho. Mkono wake umeshika mlango wa kabati la joto na anaogopa kuufungua.

"Mama, fungua basi," anasihi Polikarp, mkulima wa kijiji cha ujamaa cha Milepa, aliyesimama mlangoni mwa maabara na kofia mkononi.

Mkewe, Epifania, yuko wodini tangu Jumapili. Ametoka kujifungua, na vijidudu vimemwingia kwenye damu. Anachomwa penisilini, homa haisikii.

Kabatini mna kisahani cha kioo. Tusekile amepaka humo vijidudu vilivyooteshwa kutoka damu ya Epifania, juu yake akapanga vikaratasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali. Dawa inayoviweza huacha duara safi. Isiyoviweza, vijidudu huota mpaka ukingoni mwa karatasi.

Kabati hilo hupashwa moto kwa taa, na jana mafuta ya taa yaliadimika mji mzima. Joto likishuka, hakioti kitu, na Epifania hana nguvu za kusubiri tena. Waliomwokoa ni ndugu wa wagonjwa wanaouguza na kupika nje ya wodi. Kila mmoja alimimina kwenye taa hiyo mafuta yaliyobaki katika kibatari chake.

"Bibi mmoja wa Mwimbi aliniambia, 'Mwanangu, tutakaa gizani. Giza haliui,'" Tusekile anamwambia mwandishi wa makala haya. "Nililia."

Anafungua. Penisilini: hakuna duara. Ya pili: hakuna. Polikarp anaanza kusali kwa Kifipa.

Ya tatu, kloramfenikoli, ina duara.

Tusekile anafunga kabati na kukimbilia wodini. Sindano inabadilishwa asubuhi hiyohiyo, na kesho yake jioni Epifania anaomba uji wa ulezi.

Wengine wangeshangilia. Tusekile, aliyeletwa na serikali kutoka Tukuyu mwaka 1974, bado ana hofu. Anamkumbuka Alfonsi, kijana wa Kizwite, aliyepona kwa dawa hiyohiyo akaacha kumeza vidonge kabla ya kuvimaliza. Homa ilirudi. Safari hiyo kisahani chake hakikuwa na duara hata moja.

"Naogopa siku visahani vyote vitakapokuwa hivyo," anasema.

Ndiyo maana, siku Epifania anaporuhusiwa kwenda kumalizia vidonge nyumbani, Tusekile anashtuka. Polikarp anavigawa: nusu anampa mkewe, nusu anafunga kwenye pindo la kitambaa.

"Hivyo vya nani?"

"Vya mdogo wangu, akiugua. Akiba haiozi, mama."

Tusekile anamsimulia habari za Alfonsi, polepole, mpaka mwisho. Baada ya mavuno, anasema, ataomba nafasi katika mkutano wa kijiji Milepa azirudie mbele ya watu wote.

Polikarp anainamisha kichwa, lakini hafungui fundo.

Epifania, mtoto mgongoni, ananyoosha kiganja.

"Baba, nipe vyangu."