Siku Nilipomvunjia Mzee Kondo Heshima mbele ya Wakwe

Jambo hili nimelificha hata kwa mke wangu, na nikilisimulia leo bado natazama chini. Enzi za Mwingereza nilikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee wasiojiweza huku Kisarawe, kazi yangu kuwaogesha wanaume, na kati yao alikuwapo Mzee Kondo wa Mzenga, mwalimu wa madrasa aliyepooza upande mmoja, mtu wa haya sana, hata kumvua kanzu ilibidi niangalie pembeni.

Asubuhi hiyo pazia la kitanda chake nilikuwa nimelifua, bado linachuruzika kambani, na maji ya moto yako tayari, nikajisemea yatapoa bure, nani atamjia saa hizi (uvivu tu, shuka la kutundika lilikuwapo). Nikamvua. Akaniuliza, "Mlango umeufunga?" Nikamjibu, "Usiwe na wasiwasi, mzee," na mlango sikuufunga.

Nimeshampaka sabuni hadi mgongoni, mara hodi, na kabla sijaitikia wakaingia mkwewe aliyemwoa bintiye, pamoja na mama mzazi wa mkwe huyo, wametoka Mzenga alfajiri na kikapu cha mihogo. Yule mama akajifunika uso kwa kanga, mkwe akarudi kinyumenyume akagonga ndoo, nami badala ya kumfunika mzee nikawakimbilia nje, mikono imejaa povu, na kwa kuhangaika nikaropoka (pale barazani, wageni wa wazee wengine wakisikia) kwamba wanisamehe, ilibidi nimwogeshe upesi kwa kuwa alijikojolea kitandani, tena siku hizi ni kila siku.

Mkwe akaweka kikapu chini, akasema taratibu, "Haya, tumesikia," wakaondoka bila hata kumjulia hali.

Nilimkuta mzee anajivutia shuka kwa ule mkono mmoja mzima, na halijamfika kiunoni. Nikamfunika, nikamwomba radhi.

"Kuniona ni bahati mbaya," akasema. "Lakini hilo la kitandani, mwanangu, ulikuwa na haja gani ya kuwaambia?"

Kesho yake akaomba aogeshwe na mwenzangu.

Kazi ile niliendelea nayo miaka mingi, na mtu akiniuliza mgonjwa wake anaendeleaje, hata awe mwanawe wa kumzaa, nilimwambia, "Yupo. Ngoja kwanza nimuulize kama yuko tayari kukuona, mengine atakueleza mwenyewe."