Salamanda Avua Ngozi

Jumanne, tarehe nne Juni, manyunyu tangu alfajiri. Fundi cherehani alimkuta salamanda wake, mnyama mfano wa mjusi anayemfuga ndani ya tangi la maji, amepauka kama jivu. Mchana ngozi yake ikaonekana inaelea, vidole vyote vimo.

“Baba watoto, amekufa!” akalia, huku mkasi umeshaingia kwenye kitambaa cha sanda.

Mumewe akachungulia tangini. “Mama watoto, maiti gani huyu anatafuna?”

Kumbe salamanda ametoka chini ya jiwe, mweusi wa kung’aa, anaimeza ngozi yake kuukuu kama tambi. Fundi akacheka mpaka akakaa sakafuni.

Kesho yake asubuhi alichelewa kushona, maana kila mpita njia aliitwa ndani amwone.