Mwaka Ndoo Zilipompita Livai

Livai wa Nadilo alikuwa na sifa moja tu duniani, na sifa yenyewe ilikuwa ukavu. Tangu alipooa, miaka thelathini na mmoja nyuma, hakuna mtu aliyewahi kummwagia maji mwezi wa Januari.

Kwa watu wa Nadilo, kijiji cha visiwani katika bonde la mto Sigatoka, hilo si jambo la kuchezea. Mwaka mpya ukishaingia, kila mtu ana haki ya kumlowesha kila mtu. Mpwa anamlowesha mjomba, mwanafunzi anamlowesha mwalimu, wanakwaya wanamvizia mchungaji nyuma ya kanisa, na ruhusa ya kukasirika haipo. Anayenuna anapigwa ndoo ya pili. Mchezo unakwisha Jumamosi ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, kwa pikniki ya kijiji kizima mtoni, na jua likizama siku hiyo ndoo zinarudi kwenye kazi zake za kufulia.

Livai alipita katikati ya Januari zote hizo nywele zimechanwa na sulu yake, ile shuka ya kiunoni, imenyooshwa pasi. Alikuwa msomaji wa mita za maji hadi alipostaafu, kwa hiyo alilijua kila bomba na kila mpira wa maji uliojificha majanini. Kanisani alikwenda kwa kukatiza shamba la mihogo. Chooni alikwenda na mwavuli. Kuna mwaka shemeji yake Ponipate, kaka wa mkewe, alikaa juu ya paa la jiko tangu alfajiri na dumu la maji la lita ishirini, akimngoja atoke. Livai akatokea dirisha la nyuma, akazunguka taratibu, akaiondoa ngazi, akaenda zake kunywa chai. Ponipate alishushwa saa saba mchana, kaiva kwa jua, dumu lake halijapungua hata tone.

"Shemeji," Livai alimwita kutoka chini, "huko juu kuna upepo mzuri?"

"Iko siku yako, mbuzi usiyeoga wewe!"

Na Livai, nisiwafiche, alikuwa na maringo. Hadithi hiyo ya ngazi aliisimulia kila mwaka watu wakinywa yaqona, kinywaji chao cha mizizi, na kila mwaka lile paa lilizidi kwenda juu. Mwisho lilifikia kimo cha mnara wa simu na hakuna aliyejisumbua kumsahihisha.

Ndipo mwezi wa Agosti akashikwa na nimonia. Alilazwa siku kumi na moja, akarudi amepungua mpaka sulu inamvuka, na kikohozi kikamganda hadi Oktoba. Januari ilipofika alikuwa amepona, anakula kama zamani, na amekwisha kuchora kichwani njia tatu mpya za kufika kanisani bila kupita karibu na bomba la mtu yeyote.

Siku ya kwanza ya mwaka akakatiza shamba la mihogo ameinama. Hakumkuta mtu. Akachungulia nyuma ya migomba, hapana mtu. Alifika kanisani magoti yamejaa tope, akamkuta mchungaji anahubiri huku anachuruzika maji, wanakwaya wanakamua mikono ya magauni, na yeye peke yake amekauka. Akacheka moyoni. Wajinga hawa, akajiambia, safari hii hata kunitafuta wamechoka.

Siku ya tatu akatumwa sukari. Mbele ya duka vijana walikuwa wamejipanga na ndoo na sufuria, na mbele ya macho yake wakampiga maji mke wa mchungaji, wakampiga muuza mkate, wakampiga na polisi aliyekuja kuwakataza. Livai akasimama, akavuta pumzi, akapanga chenga zake: kushoto kwenye magunia, kulia nyuma ya pikapu, halafu mbio. Akatimka.

Vijana wakashusha ndoo chini.

"Pole pole, mzee," mmoja wao akasema. "Utajikwaa."

Mwingine akatoka na mwavuli, akamfunika, akamsindikiza mpaka mlangoni pa duka. Akamngoja. Akamrudisha hadi barabarani akiwa amembebea sukari.

Livai alifika nyumbani na mguu mzito. Mzee! Tena pole pole! Katika Nadilo wasiomwagiwa maji ni watatu tu: mtoto mchanga, maiti, na mzee Inoke, mwenye miaka tisini na minne, anayekaa barazani na blanketi akisalimia kuku. Sasa wamekuwa wanne. Lilimwingia kifuani jambo hilo likakaa kuliko nimonia, kwa sababu nimonia ilikuwa na dawa.

Kuanzia siku hiyo mtu aliyekwepa maji miaka thelathini na mmoja akaanza kuyatafuta. Kuomba hawezi. Anayeomba kumwagiwa maji hachezi, anaoga. Ilibidi mtu ammwagie kwa hiari yake, kwa ubaya wa moyo wake, kama watu wote.

Akapita chini ya kila dirisha la kijiji kwa mwendo wa bibi harusi. Akakaa kwenye kigogo karibu na bomba la shule, mgongo wazi, akipiga mluzi. Akaenda mpaka kwa Ponipate, akamkuta kwenye nyasi anaosha dalo, magimbi ya kwao, ndoo nzima ya maji iko mbele yake.

"Shemeji," Livai akaanza, "watu wa kwenu mlipewa vichwa vya kuvalia kofia tu. Nimeona pweza mwenye akili kuliko ukoo wako mzima."

Ponipate akaitazama ndoo. Livai akamwona anavyoitazama, akasogea hatua moja karibu nayo.

"Kaa, shemeji," Ponipate akasema, akamsogezea kiti. "Umekula? Nikuletee chai?"

"Chai ya nini? Nimekutukana!"

"Nimesikia. Umetukana vizuri. Kaa usichoke."

Livai aliondoka bila kukaa. Njiani alilipiga teke ganda la nazi, akaumia kidole.

Wiki ya pili ya Januari familia ikaenda ufukweni: Livai, mkewe Vasemaca, na wajukuu watatu waliokuja kula likizo. Mkubwa, Kitione, ana miaka tisa na anajua kila kitu. Wa pili, Unaisi, ana saba na anajua kwamba Kitione hajui. Wa mwisho ni Laisani, miaka minne, mwenye ndoo ndogo nyekundu ambayo hata kulala analala nayo. Ndani ya pikapu walipakia mihogo, samaki wa nazi, babakau, yale maandazi ya chai, na turubai. Livai alizihesabu ndoo za watoto, akaona ziko tatu, akafurahi kimoyomoyo.

Baada ya kula akajilaza mchangani, karibu kabisa na maji, na akajifanya amelala. Alijifanya kwa bidii. Alikoroma, akaachama, akajikuna tumbo usingizini. Kwa jicho moja aliwaona watoto wanakuja na ndoo zimejaa, wananyata, wananong'onezana. Akabana meno akingoja.

Wakafika. Kitione akatia maji kwenye shimo karibu na kichwa chake, Unaisi akakoroga mchanga, na kwa nusu saa wakamjengea babu ukuta mrefu kuzunguka mwili mzima.

"Wa nini huu?" Livai akauliza, macho bado kafumba.

"Wa kuzuia mawimbi, Babu," Unaisi akamjibu. "Lala."

Halafu mvua ikaja, ile mvua ya kiangazi inayomwagika na jua likiwa linawaka. Livai akafungua mikono. Angalau mvua! Lakini kabla ya tone la tatu watoto walikuwa wamekwisha kukimbilia turubai, wamelitandaza juu yake, wakasimama pembeni wameshika ncha, wao wenyewe wanachuruzika, Laisani kashika ncha yake kwa mikono miwili na meno.

"Hebu liacheni hilo turubai! Mna nini nyinyi?"

Laisani akatoa turubai mdomoni.

"Bibi amesema ukilowa utakufa."

Kitione akamkanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Vasemaca alikuwa chini ya mnazi anamimina chai. Livai akamwendea na mchanga wote uliomganda mgongoni.

"Umewaambia watu nini, wewe mwanamke?"

"Nimewaambia wasikumwagie maji."

"Kijiji kizima?"

"Na cha ng'ambo ya mto. Na dereva wa basi."

"Vasemaca! Unaniweka kundi moja na mzee Inoke!"

"Mzee Inoke hakohoi." Akamkabidhi kikombe. "Wewe hospitalini ulikuwa umelala. Mimi ndiye niliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda, nasikiliza kama pumzi inayofuata inakuja. Siku kumi na moja, Livai. Kuna nyingine ilichelewa mpaka nikasimama. Sasa nenda kanung'unike kule, lakini jifunike taulo."

Livai akajifunika taulo. Alikwenda akakaa ndani ya ukuta wake wa mchanga akanywa chai. Alimhurumia mkewe, akajionea aibu kwa kelele zake, na alimpenda kuliko alivyowahi kujua namna ya kumwambia. Hata hivyo, bado alitaka kumwagiwa maji. Mambo hayo mawili yalikaa naye pamoja siku zote zilizobaki za mwezi, na hakuna lililomwachia mwenzake nafasi.

Jumamosi ya mwisho kijiji kikahamia mtoni. Kufika saa tisa hapakuwa na mtu mkavu hata mmoja. Mchungaji alibebwa juu juu akatupwa mtoni na Biblia ikaokolewa na wazee wa kanisa. Ponipate alipigwa ndoo na wajukuu zake sita kwa zamu. Hata mzee Inoke, kwa sababu mtu fulani alijikwaa na sufuria karibu naye, alilowa mguu mmoja, na alicheka mpaka wakamwondoa meno ya bandia yasimkabe.

Livai alikuwa kwenye kiti kilichowekwa kivulini, blanketi magotini. Blanketi, Januari, huko kwao! Jua lilikuwa limeanza kushuka kwenye vilima. Alijua kwamba likizama mkavu ni yeye peke yake, na kwamba mwaka ujao hakuna atakayeuliza sababu. Watazoea tu. Watamsogezea kiti, watamuuliza kama amekula, na kisa cha ngazi watakisikiliza kwa adabu.

Laisani akaja na ndoo yake nyekundu, ina maji nusu. Akasimama mbele ya babu yake akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akaimwaga yote kwenye nyasi.

"Ilikuwa yako," akasema. "Lakini sitaki ufe."

"Babu hafi kwa maji, mjukuu wangu."

"Bibi ndiye anayejua."

Livai alinyoosha mkono amshike bega. Ndipo akaona macho ya mtoto yameacha kumtazama yeye, yanatazama nyuma yake, yanazidi kuwa makubwa. Nyuma ya Laisani, Unaisi akaziba mdomo. Kitione akaganda. Pale mtoni kelele zikapungua, watu mmoja mmoja wakageuza shingo.

Miaka thelathini na mmoja inamfunza mtu. Livai alijua bila kugeuka kwamba kuna ndoo nyuma yake, kubwa, imejaa, na iko hatua mbili. Miguu ikataka kutimka yenyewe. Akaikataza. Akashika mikono ya kiti kwa nguvu zote, akafumba macho.

Maji yakaja kuanzia utosini, ndoo nzima, yakateremka masikioni, kifuani, ndani ya sulu, yakalowesha lile blanketi la balaa mpaka chini. Na yalikuwa ya moto. Si ya kuunguza. Yalikuwa yale ya uvuguvugu anayoogeshwa mtoto mchanga, ambayo mama huyajaribu kwanza kwa kiwiko.

Akageuka. Vasemaca alikuwa amesimama na ndoo tupu mkononi na birika la chai miguuni, birika ambalo Livai alidhani lingali motoni. Hakuwa anamtazama usoni, alikuwa anakitazama kifua cha mumewe kinavyopanda na kushuka.

Wengine wote walikuwa mbali, hawakujua kwamba maji yalikuwa ya uvuguvugu. Livai akasimama juu ya kiti, akanyoosha mikono mbinguni.

"Baridiii!" akapiga ukelele uliosikika ng'ambo. "Barafu! Jamani, mke wangu ameniua! Baridi!"

Mtoni kukalipuka shangwe. Ponipate alipiga magoti majini akalia machozi ya furaha. Wanakwaya walirukaruka, mchungaji akapunga fulana yake, na Livai akazidi kutetemeka, akigonganisha meno yaliyokuwa hayana baridi hata kidogo, mpaka kiti kikaanguka naye akaanguka na kiti.

Laisani akamsogelea pale chini, akamgusa shavu kwa kidole kimoja.

"Babu, umekufa?"

"Muulize Bibi," Livai akasema.

Watoto wote watatu wakamgeukia Vasemaca. Nyuma yao kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kujaza ndoo, kinangoja. Vasemaca akamtazama mumewe aliyelowa chapachapa kwenye nyasi, akapangusa macho kwa kiganja.

"Hajafa," akasema. "Haya, endeleeni."